Kompyuta Iliyofunikwa Kitambaa

Vijana mnaofungua maduka ya kompyuta kila kona ya Kitengela, nisikilizeni kidogo kabla simu hazijawaita. Mimi nimefungua kompyuta mpaka mke wangu akawa ananiuliza kama na chapati nitaifungua kwa bisibisi. Nikipiga chafya hadi leo, linatoka vumbi la mashine za watu waliohama mji zamani. Mkiambiwa kuna mzee aliyewahi kuweka windo, ile programu mama ya kompyuta, kwenye mashine kumi na nne kwa siku moja huku anakula githeri, mjue ndiye mimi. Na kama zilikuwa sita, hayo ni maneno ya watu wenye wivu.

Nimeacha kazi. Wengine wanasema ni macho. Macho gani? Mimi nikisimama hapa naona sindano iliyoanguka Isinya. Wengine wanasema nimeshindwa na nyinyi, kwamba siku hizi mtoto anatazama video moja tu kwenye mtandao na anaamka fundi. Hilo pia lina ukweli kidogo, na linauma, lakini si hilo. Niliacha kwa sababu ya mashine moja iliyoganda nikiiwekea windo upya. Nyinyi mnasema imehang. Sisi tulisema imeganda, kama mafuta ya kondoo kwenye sahani baridi.

Kwanza mjue nilitoka wapi. Masomo yangu ni ya jioni. Mchana nilikuwa nabeba mifuko kiwandani, jioni nakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, magoti yangu yakipiga stori na masikio. Tulikuwa watu wazima ishirini na kompyuta tatu, na moja kati ya hizo tatu kazi yake ilikuwa kushikilia mlango usifungwe na upepo. Nilipopata cheti nilikitembeza mtaani wiki nzima. Hata muuza mboga alikisoma. Halafu nikaenda Kajiado mjini kwa mwalimu wangu wa kweli, mzee Okumu, aliyekuwa na kichumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Ukiingia pale unanuka dawa ya kupe mpaka Jumapili.

Okumu hakuwa na maneno mengi. Mashine ikiletwa, anaiwasha, anaweka sikio juu yake kama daktari. Anashika nyuma kwa kiganja aone upepo unatoka au hautoki. Ndipo anamwuliza mwenye mashine: inaganda saa ngapi, ikiwa inafanya nini, na nyumbani inakaa wapi? Mimi nikimwambia, "Mwalimu, tuipige windo tumalize," ananitazama kama mtu aliyependekeza tumchinje ng'ombe kwa sababu anakohoa.

"Njoroge," ananiambia, "windo si dawa ya kila kitu. Badilisha kitu kimoja, ungoje uone. Ukibadilisha vitatu, ikapona hujui kilichoiponya, ikifa hujui kilichoiua."

Andikeni hilo ukutani. Mimi sikuliandika, nilidhani nitalikumbuka.

Na alikuwa na sheria moja ya chuma. Faili ya mteja haifunguliwi. Kulikuwa na mwenzangu pale, mkubwa kunishinda kwa miaka, akafungua barua ya mteja akaanza kutusomea kwa sauti, mambo ya mtu na bibi yake. Okumu akamtoa siku ileile, kikombe chake cha chai kikabaki mezani kinatoa mvuke. Tangu hapo nami nikaifanya sheria hiyo kuwa fahari yangu. Wateja wakinisifu kwa jambo moja, ni hilo: Baba Njeri hachungulii. Naona aibu kuwaambia sheria hii nzuri ilinipeleka wapi, lakini ndiyo sababu tuko hapa.

Msidhani sikuwa najua kazi. Kuna mwenye duka mmoja wa Kitengela aliyeniletea mashine inaganda kila siku mchana. Nikaipeleka kwangu, ikafanya kazi siku tatu bila kukohoa. Nikamrudishia, ikaganda. Alianza kusema imerogwa, akataka kuita mchungaji. Nikaenda nikaketi dukani kwake tangu asubuhi, nakunywa soda. Ilipofika saa sita, jirani akawasha mashine ya kusaga unga, taa za duka zikalegea, na kompyuta ikasimama tii kama askari. Ni stima tu, umeme ulikuwa unapungua! Nikamwekea kifaa cha kutuliza stima, akaniita nabii. Hiyo ndiyo raha ya kazi yetu: kuketi ukatazama. Sasa nisikilizeni nilivyosahau kuketi.

Mama Naserian aliingia dukani kwangu Jumatatu moja, mama wa Kimaasai wa rika langu, mjane. Alikuwa ameleta kompyuta ya mezani, ule mnara wake, imefungwa kwenye shuka kama mtoto. Chini ya shuka kulikuwa na kitambaa kingine cha sufu, cha kufuma, cheupe chenye maua mekundu ukingoni. Kilikuwa kimefumwa kwa kipimo cha ile mashine kabisa, kinashuka pande zote nne mpaka chini kama gauni la ubatizo. Nyinyi mnajua nyumba zetu. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata thermos ina kitambaa. Kitu cha heshima hakikai uchi.

"Takwenya, mama," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia. "Fundi, hii ni ya marehemu Baba Naserian. Ikiwaka inakaa kidogo halafu inasimama. Ukibonyeza kwa kidole hakuna kitu, ukisukuma panya yake hakuna kitu."

"Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, mama. Mimi mashine kama hii naitengeneza nikiwa nimelala."

"Tengeneza ukiwa macho," akasema. "Ngoja nikuambie kilicho ndani."

Akaniambia. Mume wake alikuwa katibu wa ranchi yao ya kikundi, ile ardhi ya pamoja ambayo sasa inagawanywa kila mtu apate kipande chake. Miaka ya nyuma kikao kilikubaliana kwamba boma lao lipate sehemu ya kando ya silanga, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe, kwa sababu wao ndio walilichimba. Wazee watatu walitia sahihi. Kitabu cha kumbukumbu za kikao kililiwa na mchwa, lakini marehemu alikuwa amepiga picha kila ukurasa akaweka kwenye kompyuta. Sasa kuna mwingine aliyeitaka sehemu ile, shemeji wa mwenyekiti wa ranchi. Malalamiko yote yangesikizwa Jumanne ya wiki inayofuata, na baada ya hapo mpimaji anapiga vyuma chini, basi.

"Wale wazee watatu?" nikauliza.

"Wawili wameenda kwa Mungu. Mmoja yuko, mzee Parsaloi, lakini amefuata nyasi na ng'ombe huko chini kupita Oltepesi, hakuna network. Kumtafuta ni pikipiki siku mbili. Nikasema mzee wa watu nisimsumbue, karatasi ziko. Karatasi haichoki."

Halafu akakishika kile kitambaa. "Hiki usipoteze. Nilikifuma nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake hospitali."

Vijana, mtu akikuambia hivyo utafanya nini? Mimi nilikiheshimu. Kila nikimaliza kufungua mashine naifunga, naikung'uta vumbi, naivisha kitambaa chake, ndipo naiwasha. Mnalijua vumbi la Kitengela. Ukilimwagia maji kidogo linaota mahindi. Nikasema gauni la mama halitakaa pembeni lichafuke, na mashine yake haitakaa uchi.

Basi nikaanza kazi. Jambo la kwanza nilifanya vizuri: niliiamsha kwa flash, nikaanza kukopi mafaili ya marehemu kwenye flash nyingine. Nikaiacha ikikopi, nikaenda kula. Kurudi, skrini imeganda. Nikachomoa ile flash nikaichomeka kwa mashine yangu. Folda iko, imeandikwa jina la ranchi. Ndani majina ya faili yote yamejipanga, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Nikafurahi. Yamekuja yote kabla haijaganda.

Sikufungua hata moja nione. Mimi ni Baba Njeri, sichungulii. Kumbe mashine inaweza kukuandikia jina la kitu na kitu chenyewe isilete, kama mwaliko wa harusi bila harusi. Kufungua ukurasa mmoja kungenichukua muda wa kumeza mate.

Jumanne nikaanza kuweka windo. Ikafika asilimia thelathini na saba, ikaganda. Nikarudia. Hamsini na mbili, ikaganda. Nikarudia tena, arobaini na moja. Sasa sikilizeni vizuri, hili ndilo nililotaka kuwaachia hata mkisahau mengine yote. Mashine ikiganda mahali palepale kila mara, shuku flash unayowekea au diski inayowekewa, kuna kitu kibovu pale pale inapojikwaa. Ikiganda kila mara mahali tofauti, wacha diski. Tafuta joto, tafuta kumbukumbu zake, zile ramu, uzitoe moja moja, tafuta stima. Thelathini na saba, hamsini na mbili, arobaini na moja! Mashine ilikuwa inanipigia kelele, na nilikuwa nimewafundisha watu hili jambo kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeshaamua ni diski. Fundi akishaamua, masikio yake yanaenda likizo.

Jumatano nikatoa ile diski nikaifunga kwa mashine yangu. Nikafuta pande zake zote, upande wa windo na upande wa mafaili, kwa sababu si niko na kopi? Halafu nikaiformat. Si ile format ya haraka. Ile ndefu, inayopita kila mahali ikipaka chokaa, ili inionyeshe penye kidonda. Ilichukua asubuhi nzima. Ilipomaliza: kidonda hakuna hata kimoja. Diski nzima, nzuri, kama ng'ombe wa maonyesho. Nikairudisha kwenye mashine ya mama, nikafunga, nikavisha kitambaa, nikawasha. Ikaganda asilimia ishirini na nane.

Jirani yangu pale ni Abdi, watu wake ni wa kaskazini, yeye ni mfanyabiashara wa mbuzi, na dukani aliuza pia simu na blanketi. Mchana alipenda kuja kwangu kunisumbua. Siku hiyo alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Baba Njeri, huyo unayemvisha ni nani?"

"Ni kompyuta ya mtu. Inaganda."

"Inaganda wapi, wallahi? Hiyo inachemka. Mimi naisikia joto nikiwa hapa mlangoni."

"Abdi, wewe uza mbuzi."

"Nauza. Na mbuzi wangu wanapumua. Nikimfunga mmoja na blanketi saa saba mchana nimwambie kimbia mpaka Isinya, atafika?"

Nikainua gauni. Nyuma ya mashine paliniunguza kiganja. Nikafungua tena, na mara hii nikaangalia feni, kwa sababu mara zote zile nilikuwa nimeangalia diski peke yake. Feni ilikuwa imevaa nyuzi. Nyuzi nyeupe na nyekundu, za sufu, zimejizungusha kwenye shina lake miaka, na vumbi limezishika likawa kama simiti. Haikuwa inazunguka. Ilikuwa inatetemeka.

Nikazitoa na kibanio cha nyusi cha mke wangu. Nikapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Nikaacha mashine uchi mezani, nikawasha. Windo iliingia yote kabla Abdi hajamaliza chai. Haikukohoa.

"Unaona," akasema Abdi, "nikuletee na mbuzi wagonjwa?"

Nikacheka. Nakumbuka nilicheka sana, nikampiga Abdi bega mpaka chai ikamwagika. Halafu nikachomeka flash nimrudishie mama mafaili yake, nikaburuta ile folda, na mashine ikasema imemaliza kabla sijaondoa kidole. Picha za kurasa nyingi vile haziwezi kuhama kwa kupepesa jicho. Nikaangalia uzito wake. Sufuri. Faili ya kwanza sufuri. Ya pili sufuri. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikafungua faili ya mteja, na hakukuwa na kitu cha kuchungulia.

Nilijaribu. Msifikiri sikujaribu. Nilipitisha kila programu ya kufufua iliyowahi kutengenezwa na mwanadamu. Lakini ile format ndefu nilikuwa nimeifanya kwa mkono wangu na kwa bidii. Ilipaka chokaa kila mahali, kama nilivyoiamuru.

Jioni ile simu ikalia.

"Fundi, imeamka?"

"Imeamka, mama."

"Mafaili yapo?"

Hapa ndipo kazi yangu ilikufa, vijana. Si kwenye kitambaa. Kitambaa hata mtu mwenye akili anaweza kukosea. Hapa.

"Yanapakiwa," nikasema. "Kesho."

Nyinyi mnalijua hilo neno, msijifanye. Hakuna fundi Kenya hii asiyelijua. Suruali iko kwa fundi, kesho. Gari liko kwa fundi, kesho. Tunalisema hata kabla mteja hajauliza. Nilikuwa nimelisema mara elfu mia na halikuwahi kumuua mtu. Nikajiambia usiku utanipa akili, nitapata programu nyingine, pengine kuna kipande kilichobaki.

Alhamisi akapiga. "Kesho, mama, imebaki kidogo." Ijumaa akapiga. Nikamwambia stima ilipotea. Jumamosi mimi ndiye niliyepiga, niseme ukweli. Akashika simu kwa furaha, nikasikia ndama wakilia nyuma yake, nikasema, "Nilikuwa nataka tu kukujulisha bado tunaendelea vizuri." Jumapili nilienda kanisani nikaketi nyuma, nikatoka kabla ya sala ya mwisho.

Jumatatu akaja mwenyewe. Hakuketi.

"Washa nione," akasema.

Nikawasha. Ikawaka haraka, skrini safi kama maji. Akainama akatazama.

"Karatasi ziko wapi?"

Nikamwambia yote. Feni, nyuzi, asilimia, flash, format. Nilisema maneno mengi mno, na ya kiingereza nikayaweka hapo kati yasaidie. Alingoja mpaka nimalize.

"Ulijua lini?"

"Jumatano, mama."

Akainua mkono akahesabu kwa vidole, polepole, mbele ya uso wangu. "Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili. Leo." Akafunga ngumi. "Siku mbili pikipiki ingemleta Parsaloi. Mbili, fundi. Ulikuwa na tano zangu."

"Nilitaka kuzipata kwanza..."

"Mimi sikukuletea karatasi ndiyo nishinde," akasema. "Nilikuletea ndiyo nisimsumbue mzee. Ungeniambia haziko, ningemsumbua."

Hakupiga kelele. Ningetamani angepiga. Nimewahi kurushiwa kibodi na mteja, nikaikwepa, tukacheka wiki ileile.

Jumanne nikaenda naye kwenye kikao, darasa la shule ya msingi huko kwao, nikiwa nimevaa koti langu la mahafali. Nilikuwa nimejipanga kusema kila kitu. Mama Naserian akaomba siku tatu tu alete mzee Parsaloi. Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Mama, tumeahirisha mara mbili. Mpimaji yuko hapa na vyuma vyake."

Nikasimama. Nikasema karatasi zilikuwepo, mimi ndiye niliyezifuta, nikaeleza jinsi kitambaa kilivyoziba feni. Walinisikiliza. Walinisikiliza kwa makini, ndiyo mbaya zaidi.

"Sasa wewe fundi," akasema mwenyekiti, "hizo karatasi ulizisoma?"

"Hapana, mwenyekiti. Sisomi faili za watu."

"Uliona sahihi?"

"Sikuona."

"Uliona hata neno silanga?"

"Niliona majina ya faili. Ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili."

"Kwa hivyo unatoa ushahidi wa nini?"

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "Anatoa ushahidi wa kitambaa!" Darasa lote likaanguka kicheko, hata mpimaji. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, mdomo ulinicheka kidogo kwa mazoea. Mama Naserian hakucheka. Alikuwa anatazama ubao.

Sehemu ya silanga ikaandikwa jina la yule shemeji. Mama akapewa upande wa makorongo, ambako hata mbuzi anafikiria mara mbili. Mpimaji alipiga vyuma siku ileile. Hadi leo ng'ombe wake wakitaka maji anatuma mtu kuomba ruhusa asubuhi, kwenye bwawa ambalo mume wake alilichimba na jembe.

Nimesikia mafundi wakisema makosa ni shule. Ni shule, ndiyo, lakini mara nyingi karo inalipwa na mteja. Kopi unayoihifadhi, fungua ukurasa mmoja, hata kama unajivunia kutochungulia. Omba ruhusa kwa mwenyewe, afungue yeye, mtazame pamoja. Mashine ikiganda, weka kiganja nyuma yake kabla hujaweka flash mbele. Diski usiifute mpaka uwe na kopi mbili na umeziona kwa macho. Hayo yote nyinyi mtayasoma popote. Lile ambalo hamtalisoma popote ni hili: siku ukiharibu, piga simu saa ileile, kabla ya kujaribu kurekebisha, kabla ya kupata jina zuri la kuliita kosa lako. Mwenye kitu anaweza kuwa na njia nyingine ambayo wewe huijui. Ukimwambia kesho, unamfungia hata hiyo njia.

Ijumaa ya wiki ileile nikampelekea mashine yake nyumbani. Kitambaa nilikuwa nimekifua, nimekikunja juu. Akanikaribisha. Wamaasai hawamfukuzi mtu mlangoni hata akistahili. Akaniwekea chai, akaenda kufunga ndama.

Nikiwa nimeshika kikombe, akaingia mzee mrefu, vumbi mpaka magotini, na rungu mkononi. Alikuwa mzee Parsaloi. Habari ilikuwa imemfikia huko malishoni kupitia wachungaji, akaacha ng'ombe kwa wanawe, akatembea na kudandia malori mpaka hapo. Hakungoja kuulizwa. Akaanza kusema kile kikao chote akiwa wima. Nani aliketi upande gani. Nani alibisha kwanza na alibishwa na nani. Ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo rangi yake ni ipi na aliyemtoa ni nani. Mpaka wa silanga unaanzia jiwe gani mpaka mti gani. Hakukosa jina. Mama Naserian alirudi akasimama mlangoni na kamba ya ndama mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukuniita?" mzee akamwuliza.

Mama alinitazama mimi, na mzee akafuata macho yake.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi wa kompyuta, mzee."

Akaitazama ile mashine mezani. Akaigusa na ncha ya rungu, taratibu, kama mtu anayegusa mnyama asiyemjua.

"Hii kitu ni ya nini?"

Nikamwambia ni ya kuweka mambo, yasipotee.